Upande wa Chini wa Bodi

Damu ikikauka katikati ya pini haitoki kwa maji. Nilijaribu maji ya moto, nikajaribu sabuni, mwisho nikachukua mswaki mkuukuu na spiriti ninayosafishia cherehani za watu, nikaanza kusugua safu moja baada ya nyingine. Bodi ya kompyuta yetu ilikuwa imelala kifudifudi mezani, miguu juu: pini zaidi ya mia sita, kila moja ndefu kama ukucha, na nyaya nyembamba za bluu na njano zimezungushiwa shingoni mwake. Kwenye kona moja, pini ishirini hivi zilikuwa zimepinda kuelekea upande mmoja. Hizo ndizo zilizoingia usoni mwa mdogo wangu.

Wifi yangu alikuwa amenipigia simu asubuhi ile. "Wifi, leo anatoka hospitali. Njoo saa tisa, na uje na hilo lidude lililomtoboa mume wangu. Mafuta ya taa nimeshaandaa. Nataka lichomwe mwenyewe akiliona." Kisha, kwa upole ulioniuma kuliko tusi, akaongeza: "Na koti lako nimelifua. Damu imetoka yote."

Alinifulia koti! Wiki mbili nzima ukoo ulikuwa unanishukuru kwa kumbeba mdogo wangu mgongoni hadi barabara kuu, mimi mwanamke wa miaka hamsini na magoti yangu mabovu. Walinishika mikono, wakaniombea baraka. Hakuna aliyeniuliza ilikuwaje. Mwenyewe alishasema kwamba alianguka, na kwetu neno hilo lina historia yake.

Acha nieleze, na mtu asinihurumie mapema.

Mimi ni fundi wa cherehani. Sishoni, natengeneza mashine zenyewe. Mtaani wananiita Pilipili, na si kwa sababu ya udogo wa umbo. Nimewahi kumrushia mteja mkasi ukajikita mlangoni, sikio lake likiwa umbali wa kidole. Mume niliyekuwa naye aliondoka na meno pungufu. Watu wakasema afadhali ameondoka na roho, nami nikacheka pamoja nao. Mdogo wangu, ambaye ni fundi wa lifti, hajawahi kumpiga hata paka. Tangu utotoni tulimwita Kicheko, maana akiogopa hucheka. Si kicheko cha furaha. Kinamtoka tu kama kwikwi, na kadiri anavyokizuia ndivyo kinavyozidi.

Kwa miaka saba, kila Jumamosi alasiri, mimi na Kicheko tulikuwa tunaunda kompyuta. Sizungumzii zile za dukani. Zetu ni za kizamani, za biti nane, tunaziunda waya kwa waya kutokana na chipu anazozichomoa kwenye mitambo ya lifti zilizokufa. Ya kwanza iliweza kuwasha taa nane kwa zamu, basi. Mama alipoiona aliuliza itaanza lini kufua nguo. Tunajua simu ya mfukoni inaishinda mara elfu. Lakini simu ikikosea, hata aliyeiuza hajui kwa nini. Mashine yetu ikikosea, kosa lina waya wake. Unaufuata kwa kidole, unafika lilipo, unalitoa. Kwa watoto waliokulia katika nyumba yetu hilo halikuwa jambo dogo.

Baba alikuwa mshonaji. Alitupiga kwa mkanda wa cherehani, ule mwembamba wa ngozi unaozungusha gurudumu, ambao ncha zake huungwa kwa kipini cha chuma. Ngozi inachoma, kipini kinachana. Ungeweza kupigwa leo kwa kuimba na kesho ukapigwa kwa kunyamaza, na ukijitahidi kutafuta kosa lako utatafuta mpaka uzeeke. Majirani wakisikia, Mama hutoa kichwa dirishani na kusema, "Ameanguka." Lo, tulianguka sana katika nyumba ile! Tulianguka kwenye ngazi, na nyumba haikuwa na ngazi.

Nilipokuwa na miaka kumi na miwili Baba aliniachia shati la mteja nilikate. Yeyote anayekata nguo anajua mtego wa mikono ya shati: usipokigeuza kigezo, unakata miwili ya upande mmoja. Nilikata miwili ya kushoto. Kitambaa kilikuwa kizuri, cheupe, na hakikubaki cha kurudia. Baba alinipiga hadi mkanda ukakatika, kisha akaendelea kwa rula ya chuma. Kicheko alikuwa na miaka saba, amesimama mlangoni akilia na kucheka kwa pamoja, hawezi kujizuia. Baba akageuka. "Unacheka nini?" akamwuliza, kisha akamwinua kwa mkono mmoja akambamiza ukutani. Nilisikia mfupa wa bega ukivunjika. Nausikia mpaka leo.

"Ameanguka," Mama aliwaambia majirani.

Baba amekufa zamani. Nilirithi cherehani zake, misumari yake ya ukutani yenye mikanda, na mkono wake.

Sasa nirudi kwenye siku yenyewe. Tulikuwa tunamaliza mashine ya tatu, kazi ya Jumamosi za miezi minne. Hii ingeunganishwa na televisheni ya zamani, na ukiiwasha ingeandika neno moja juu kushoto: TAYARI. Kicheko alichora ramani ya nyaya, mimi nikawa wa kuzizungusha kwenye pini kwa sababu vidole vyangu ni vyepesi. Ubongo wake, chipu nyeupe ya kauri yenye miguu arobaini, ulitoka kwenye lifti ya jengo lililobomolewa. Hatukuwa na mwingine.

Miguu ya chipu huhesabiwa ukiitazama kwa juu. Unaanzia kwenye kipengo, kile kikato kidogo kichwani mwake, unashuka kushoto, unavuka, unapanda kulia. Lakini nyaya zinazungushwa kwa chini, na ukiigeuza bodi, kushoto kunakuwa kulia. Ndiyo maana siku zote tulibandika upande wa chini vipande vya karatasi vyenye namba. Safari hii karatasi zilikwisha nilipofika kwenye soketi ya ubongo. Ala! Mimi na miaka saba ya kazi, nibandikiwe karatasi kama mtoto wa chekechea? Thubutu. Nikaendelea kwa kichwa.

Saa nane simu ikalia. "Dada, watu wamenasa kwenye lifti, nitachelewa," alisema Kicheko. "Usiwashe. Tupime kwanza."

"Nani kasema nitawasha?"

"Nakujua, Dada."

Nilisubiri. Labda dakika kumi. Kisha nikaona, kwani nasubiri nini, na mashine iko mbele yangu imekamilika? Nikaupachika ubongo kwenye soketi, nikabonyeza swichi. TAYARI haikutokea. Ilitokea mistari, ikatetemeka, ikafa, halafu nikasikia harufu, ile harufu ya kitu ambacho hakikukusudiwa kuungua. Nilipoigusa chipu ilinibabua kidole. Nikazima. Nilikaa mbele ya ile bodi, na ninakiri kwamba kabla Kicheko hajafika nilikuwa nimeshaanza kutafuta namna kosa litakavyokuwa lake.

Akaingia na mafuta ya lifti mikononi. Akanusa. Aliichukua bodi, akaigeuza, akaanza kufuata nyaya kwa kidole huku midomo ikihesabu bila sauti. Nikamwona alipofika kwenye soketi ya ubongo. Akahesabu mara ya pili. Kisha akainua macho akanitazama, na bila shaka nilikuwa nimeshaukunja ule uso wa Baba. Ninaujua uso ule, nilikua nikiutazama. Akaanza kucheka.

"Usicheke," nikamwambia.

"Sicheki, Dada." Alijiziba mdomo, lakini kicheko kikapenya kati ya vidole. "Ni vile tu... umekata mikono miwili ya kushoto. Kama lile shati."

Hakusema kwa ubaya. Ulikuwa utani wa watu wawili waliookoka mahali pamoja, na pengine alidhani utanituliza. Hayo nimeyajua baadaye. Wakati ule nilimnyang'anya bodi nikampiga nayo usoni, kwa upande wa pini, kwa nguvu zangu zote. Sitasema mkono uliteleza. Niliinua, nikalenga, nikashusha.

Ilinasa. Nilipoivuta haikutoka, nikavuta tena. Kicheko alikwenda chini pamoja na kiti. Alikuwa bado anacheka, sauti nyembamba ya juu isiyo na pumzi, huku ameufunika upande wa kushoto wa uso kwa mikono yote miwili na damu inashuka hadi kwenye viwiko. Mguu wake mmoja ulikuwa unapiga sakafu, tap, tap, tap. Bodi ilikuwa mkononi mwangu. Kitu cheupe kilikuwa kwenye pini, sikutazama ni nini.

Ndiyo, nilimbeba. Nilikimbia naye mgongoni nikipiga mayowe ya kuomba gari, na damu yake ikaniingia kwenye ukosi wa koti, ya moto. Hospitali daktari hakuwa hata amefungua kinywa.

"Nimeanguka," alisema Kicheko. "Nimeiangukia bodi."

Alisema kwa sauti ya Mama, ile ile, tambarare, ya kufunga dirisha. Daktari alinitazama mimi. Alikuwa kijana mpole, na alisubiri muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Nikanyamaza. Jioni ile ile waliliondoa jicho.

Basi hivyo ndivyo nilivyojikuta wiki mbili baadaye nikisugua pini kwa mswaki. Kwa nini nisafishe kitu kinachokwenda kuchomwa? Sijui. Niliifunga kwenye gazeti nikaenda.

Walikuwa uani. Moto ulikuwa umeshawaka katikati ya mawe matatu, na kopo la mafuta lilikuwa pembeni. Mama alikaa kwenye kigoda. Kicheko alikaa kwenye kiti cha mbao, bandeji nyeupe imemzunguka kichwa, na shingo ameigeuza kidogo ili jicho lililobaki lione kote. Koti langu lilikuwa linaning'inia kwenye kamba, limenyooshwa kwa pasi. Wifi alisimama karibu na moto ameshika nondo fupi ya kuchochea makaa. Ni mwanamke mdogo, mkimya, na kwa miaka yote niliyomjua sijawahi kumsikia akipaza sauti.

"Asante kwa kuja, wifi," alisema. "Lete."

Nikafungua gazeti. Jua likagonga pini, zikang'aa zote, safi. Nikaishika kwa mkono wa kulia na sikumpa.

"Wifi, bodi haina kosa."

"Haina kosa? Na jicho la mume wangu liko wapi?"

"Hakuanguka."

Mama aliinua kichwa. "Wewe," akasema taratibu. "Ameanguka. Mwenyewe amesema."

"Mama, hakuanguka. Na mimi sikuwahi kuanguka. Hakuna mtu aliyewahi kuanguka katika nyumba yetu, Mama, hata siku moja. Nilimpiga mimi. Nilimpiga na hii."

Wifi alinitazama, kisha akalitazama lile koti kwenye kamba, na nikaona uso wake ukibadilika kuanzia hapo, kwenye koti.

"Nimekufulia," akasema. "Kwa mikono hii! Nimekaa nasugua damu ya mume wangu kwenye nguo yako, namwombea Mungu akulipe!"

Pigo la kwanza lilinipata begani. La pili niliinua mkono wa kushoto kujikinga, nondo ikatua kwenye kifundo cha mkono, na kitu mle ndani kikalia kama kijiti kikavu. La tatu lilinichana juu ya sikio. Nondo ilikuwa na moto nchani; nilisikia nywele zangu zikinuka. Alipiga kimya kimya, kwa bidii, kama mtu anayetwanga, na kila pigo lilitoka na pumzi. Ndipo mkono wangu wa kulia ukapanda. Sikuutuma. Ulipanda wenyewe, na bodi ikiwa imo, pini zikimtazama wifi usoni, na nilijua nitapiga wapi. Macho yangu yalikuwa yameshapachagua.

Mama akafumba macho. Alifumba mapema, kama mtu aliyezoea. Na nyuma ya bega la wifi nikamwona Kicheko, pale kwenye kiti. Alikuwa amelifunika jicho lake lililobaki kwa kiganja.

Hilo ndilo lililonishusha. Si dini, si sheria, si mapenzi. Mdogo wangu, ambaye hakuna aliyekuwa anampiga wakati ule, analificha jicho moja alilonalo kwa sababu mkono wangu umepanda. Niliinama nikaiweka bodi chini, pini zikitazama udongo. Nikabaki nimeinama hivyo hivyo. Wifi alinipiga mgongoni mara moja tena, mara mbili, kisha nondo ikamponyoka, akakaa chini palepale alipokuwa na kuanza kulia kwa sauti kubwa ambayo sikujua kama anayo.

"Nani alikuomba useme?" Ilikuwa sauti ya Kicheko.

Nikainua kichwa. Damu ya sikioni ilikuwa inaniingia mdomoni.

"Nakuuliza, Dada. Nani alikuomba? Jicho langu, uongo wangu. Nilikuwa mtu aliyeanguka. Kazini nimeanguka, mtaani nimeanguka, nikitembea watu wananipa pole. Sasa mimi ni mtu aliyetobolewa jicho na dada yake. Umelichukua jicho, na uongo wangu nao umeuchukua."

Nilidhani ukweli ni zawadi, na kumbe hata huo nilimpiga nao.

"Toka kwangu," akasema. Wifi aliinuka akaiendea bodi. "Iache," akamwambia mkewe. "Isichomwe. Nipe mimi." Akaipokea, akaiweka mapajani, na jicho lake likabaki kwangu mpaka nilipofika barabarani.

Hospitali walinikuta na mifupa miwili iliyovunjika kwenye kifundo. Daktari alikuwa yule yule kijana. "Umefanyaje?" akaniuliza, kalamu mkononi, na bila shaka alikuwa ameshaanza kuliandika lile neno.

"Nimepigwa," nikasema. "Nami nilistahili, na sitaki kesi. Andika nimepigwa."

Miezi ikapita. Nilisikia habari za Kicheko kwa watu. Fundi wa jicho moja haruhusiwi kupanda juu ya kasha la lifti, kwa hiyo walimhamishia stoo ya vipuri, kwenye meza na daftari, yeye aliyekuwa akisema kwamba kule juu kwenye kamba za chuma ndiko pekee duniani ambako hakuogopa. Wifi hakuondoka kwake. Mama hakunisemesha. Kisha Jumapili moja Mama akaingia kibandani kwangu bila kubisha, akatazama ukutani ilipotundikwa mikanda ya cherehani, akaniomba mkasi. Nikampa. Akaitungua mikanda yote, akaikata vipande vidogo kama maharage, mmoja baada ya mwingine, mpaka mapaja yake yakajaa. Mitatu ilikuwa mipya, ya wateja. Sikumzuia. Alipomaliza alijikung'uta nguo, akaurudisha mkasi mezani, akaondoka.

Kicheko alikuja Jumamosi, saa tisa alasiri, bila kupiga simu. Alikuwa amevaa miwani ya kioo kimoja cheusi, na bodi ilikuwa kwapani ndani ya gazeti. Hakusema shikamoo, nami sikuitafuta. Alikivuta kiti upande wa pili wa meza, akakipima, akakisogeza tena mpaka jicho lake zima likawa linanielekea. Akafungua gazeti. Zile pini zilizopinda alikuwa amezinyoosha. Upande wa chini, kila soketi ilikuwa imebandikwa karatasi yenye namba, kwa mwandiko wake, na mwandiko ulikuwa umepanda na kushuka.

"Umepata ubongo mwingine?" nikamwuliza.

"Bado. Ipo lifti moja inapanda nao, ghorofa tisa. Inakohoa kila wiki." Akapanga koleo na kizungushio chake cha nyaya mezani. "Tunaisubiri ife."

Nilicheka. Yeye hakucheka.

"Weka mikono mezani," akasema.

"Nini?"

"Mikono yako, Dada. Iweke mezani niione. Isitoke hapo mpaka niseme."

Nikaiweka. Viganja chini, vidole vimeachana, na kile kifundo ambacho hakikuunga sawasawa kimejitokeza pembeni. Aliitazama kwa muda. Kisha akaanza kufungua nyaya za soketi ya ubongo, zile nilizozungusha mimi, na hilo halikumsumbua, maana kufungua ni kuvuta. Alipofika kwenye kuzungusha ndipo nilipoona nilichomfanya. Mtu wa jicho moja hana umbali. Aliikaribia pini kwa kile kizungushio chembamba, akashusha, akashusha hewani, pembeni. Akarudi. Akashusha tena, akapita nyuma yake. Pini ilikuwa mbele ya pua yake na hakujua iko wapi.

Ni kazi ya sekunde tano. Mimi naifanya huku nikizungumza na mteja. Alikosa mara ya nne, mara ya tano. Mara ya sita waya ukakatika. Na msifikiri hasira iliniacha, mtu habadiliki moyo kwa kuvunjwa mfupa. Ilikuja kama inavyokuja siku zote, kutoka tumboni, moto, ikapanda mabegani, ikashuka kwenye viwiko. Nilitaka kumnyang'anya. Nilitaka kumpigia kelele, kulia, kuipindua meza. Vidole vyangu vikaanza kuchezacheza juu ya ubao.

Aliviona. Kizungushio kikasimama hewani, na kicheko kikaanza kumtoka, kidogo kidogo, kile kile.

"Usi—" nikaanza, nikajizuia. "Cheka," nikamwambia. "Cheka tu, mdogo wangu. Sitoki hapa."

Alicheka. Alicheka mpaka chozi likamshuka upande mmoja tu, na nilikaa nikaitazama mikono yangu kama mbwa wa mtu mwingine niliyeachiwa nimshike. Kicheko kikapungua chenyewe, kikaisha. Akajifuta, akakata waya mpya, akainama. Akakosa. Safari ya pili hakuliamini jicho. Alinyoosha kidole cha mkono wa kushoto, akaitafuta pini kwa ncha yake mpaka ikamchoma, akakifuata kidole kwa kizungushio, na kikaingia. Akazungusha. Mizunguko saba, imebana vizuri.

"Mmoja," akasema, akaweka chombo chini.

Nilidhani ndiyo ruhusa, nikainua viganja. Meza ilikuwa na alama mbili za jasho, mikono miwili kamili, kila kidole na mahali pake. Aliziangalia kwa muda mrefu kuliko alivyouangalia waya wake. Tone dogo la damu lilikuwa kwenye ncha ya kidole chake. Akalinyonya.

"Irudishe," akasema. "Bado wa pili."

Nikairudisha.